Ncha ya fimbo ya pool

Ncha ya fimbo ya pool ni kipande kidogo cha duara, kwa kawaida cha ngozi, kinachobandikwa mwisho wa fimbo inayotumika kugonga mpira mweupe katika mchezo wa pool, snuka na michezo mingine ya jamii ya biliadi. Wachezaji huiita pia tipu. Ndiyo sehemu pekee ya fimbo inayopaswa kugusa mpira wakati wa pigo, na mguso huo hudumu kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mwelekeo, kasi na mzunguko wote ambao mchezaji ameukusudia hupita kwenye mpira katika muda huo mfupi. Baada ya hapo hakuna kinachoweza kurekebishwa.

Ncha huchakaa haraka kuliko sehemu nyingine zote za fimbo, kwa hiyo mchezaji anayemiliki fimbo yake hulazimika kuchagua ncha mpya mara kwa mara. Mambo yanayoangaliwa ni kipenyo, ugumu, namna ngozi ilivyotengenezwa na umbo la kichwa chake. Wauzaji husisitiza zaidi ugumu na jina la kampuni. Kwa mchezaji wa kawaida, hata hivyo, kipenyo kinacholingana na mipira, kichwa kilichoviringwa vizuri na chaki inayopakwa kila mara vina faida kubwa zaidi kuliko tofauti ya ncha laini na ncha ngumu.

Historia

Katika biliadi ya zamani ya Ulaya, mipira haikugongwa kwa ncha bali ilisukumwa kwa kifaa chenye kichwa kipana cha mbao na mpini mwembamba. Mpira ulipokaa karibu na ukingo wa meza, kichwa hicho kipana kilikuwa kikwazo, na wachezaji wakazoea kukigeuza kifaa na kugonga kwa upande wa mpini. Wafaransa waliuita upande huo "mkia", na neno lao *queue* ndilo lililozaa jina la fimbo katika Kiingereza.

Mti mtupu ulikuwa na kasoro moja kubwa: uliteleza kila ulipogusa mpira mbali na katikati. Mfaransa François Mingaud, aliyekuwa ofisa wa jeshi, ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa alieneza matumizi ya ncha ya ngozi. Alikuwa amefungwa mjini Paris kwa sababu za kisiasa, na huko gerezani alijifunza biliadi kwa bidii. Alipoachiliwa mwaka 1807 alianza kuwaonyesha watu mapigo ambayo hayakuwahi kuonekana, mpira ukirudi nyuma au kupinda njia baada ya kugonga mwingine. Mwaka 1827 alitoa kitabu chenye michoro ya mapigo yake.

Ngozi peke yake haikutosha; ilihitaji unga wa kuifanya ishike. Kwa muda mrefu unga huo ulikuwa chaki ya kawaida. Mwaka 1897 Wamarekani wawili, mchezaji William A. Spinks na mkemia William Hoskins, walipata hataza ya mchanganyiko mpya wenye chembe ngumu za silika na za madini yanayotumika kusagia. Chaki za pool zinazouzwa leo zimetokana na ubunifu huo. Kwa maana halisi si chaki kabisa, na ndiyo sababu chaki ya ubaoni haiwezi kuchukua nafasi yake: ni laini mno, hujaza vinyweleo vya ngozi na kuifanya iteleze.

Jinsi ncha inavyofanya kazi

Mpira ukigongwa katikati kabisa, nguvu yote huusukuma mbele. Ukigongwa juu, chini au pembeni, nguvu hiyo husukuma na kuzungusha kwa wakati mmoja. Mzunguko wa chini huurudisha mpira mweupe nyuma baada ya kugonga mpira mwingine, na mzunguko wa pembeni hubadilisha pembe unayotokea baada ya kugonga ukingo wa meza. Kadiri ncha inavyogusa mbali na katikati ndivyo mzunguko unavyoongezeka ukilinganishwa na kasi.

Lakini kuna kikomo. Mwanahisabati Mfaransa Gaspard-Gustave Coriolis, yuleyule ambaye wanafunzi wa jiografia hukutana na jina lake wanaposoma kuhusu pepo na mzunguko wa dunia, alitoa mwaka 1835 kitabu kizima kuhusu hisabati ya biliadi. Alionyesha kwamba mzunguko mkubwa kabisa wa pembeni hupatikana ncha inapogusa mpira umbali wa nusu ya nusukipenyo kutoka katikati. Kwa mpira wa kawaida wa pool, wenye kipenyo cha milimita 57.15, umbali huo ni milimita 14.3 hivi. Kwa vitendo, hapo ndipo pia mahali ambapo ncha nzuri huanza kuteleza.

Sababu ya kuteleza ni jiometri. Katika umbali huo, uso wa mpira umeinama kwa nyuzi 30 mbele ya fimbo. Ili ncha isiteleze, msuguano lazima ufikie angalau asilimia 58 ya nguvu inayobana ncha na mpira pamoja. Ngozi iliyopakwa chaki hufikia kiwango hicho, ingawa kwa tofauti ndogo. Ngozi isiyo na chaki, au iliyobanwa na kung'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, haifikii. Ndipo husikika ule mlio mkavu, mpira mweupe ukaenda upande usiotarajiwa na mchezaji akaitazama fimbo yake kana kwamba imemsaliti.

Kutokana na hesabu hiyo, kazi ya kwanza ya ncha ni kushika, na ncha yoyote inayoshika hadi kwenye kikomo hicho imetimiza sehemu kubwa ya kile kinachotakiwa.

Kipenyo

Kipenyo cha ncha hufuata ukubwa wa mipira. Fimbo za pool ya Kimarekani, inayotumia mipira ya milimita 57.15, huwa na ncha za milimita 12 hadi 14, na nyingi zaidi ni za karibu milimita 13. Katika snuka mipira ina milimita 52.5, na ncha huwa za milimita 9 hadi 10. Pool ya mtindo wa Uingereza, yenye mipira myekundu na ya njano, hutumia mipira ya karibu milimita 51, na wachezaji wake hupendelea ncha za milimita 8 hadi 9. Katika meza nyingi za sarafu za mtindo huo mpira mweupe ni mdogo zaidi, karibu milimita 48, ili mashine iweze kuutenganisha na mingine na kuurudisha.

Katika kumbi za Afrika Mashariki mtu anaweza kukutana na seti za aina zote mbili, wakati mwingine katika mtaa mmoja. Kwa hiyo kabla ya kununua fimbo au ncha, inafaa kupima mipira ya mahali anapocheza. Rula na vitabu viwili vilivyosimamishwa pande mbili za mpira vinatosha. Mtu anayecheza kwa mipira ya milimita 51 akitumia ncha ya milimita 13 anagonga mpira mdogo kwa kitu kipana: ncha inafunika sehemu kubwa ya anachokilenga, na kosa la milimita mbili linakuwa na uzito kuliko kwenye mpira mkubwa. Kinyume chake, ncha ya milimita 9 kwenye mipira mikubwa na mizito hufanya kazi, lakini huchakaa haraka na humwonyesha mchezaji kila kosa la mkono wake.

Kipenyo cha ncha hakichaguliwi peke yake. Lazima kilingane na mwisho wa fimbo, ambapo kuna pete ngumu ya plastiki, shaba au pembe iitwayo feruli. Ncha hununuliwa ikiwa pana kidogo kuliko feruli, kisha hukatwa hadi zilingane. Ncha nyembamba kuliko feruli haifai, kwa kuwa ukingo wa feruli ukibaki wazi unaweza kugusa mpira.

Umbo la kichwa

Kichwa cha ncha hakipaswi kuwa bapa. Desturi ya Marekani ni kukilinganisha na mviringo wa sarafu mbili za huko: senti 10, yenye kipenyo cha milimita 17.9, au senti 5, yenye milimita 21.2. Maana yake ni kwamba mviringo wa kichwa uwe na nusukipenyo cha milimita 9 hadi 10.6 hivi. Sarafu yoyote yenye kipenyo cha milimita 18 hadi 21 inaweza kutumika kama kipimo: huwekwa wima nyuma ya ncha na kutazamwa kwenye mwanga.

Desturi hii ina msingi katika hesabu iliyotangulia. Katika pigo la pembeni kabisa, sehemu ya ncha inayogusa mpira si ile ya katikati bali ile iliyo umbali wa nusu ya nusukipenyo cha mviringo kutoka katikati ya ncha. Kwa mviringo wa milimita 9, umbali huo ni milimita 4.5. Ncha ya milimita 13 ina milimita 6.5 kutoka katikati hadi ukingoni, kwa hiyo mguso bado uko ndani ya ngozi na kuna nafasi ya kutosha. Kichwa kikiwa bapa, tuseme chenye mviringo wa milimita 15, mguso ungepaswa kuwa milimita 7.5 kutoka katikati, ambako hakuna ngozi tena. Ukingo ndio utakaogonga, nao utateleza hata kama chaki imepakwa vizuri.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha kwamba ncha nyembamba ya snuka, yenye milimita 4.5 tu kutoka katikati hadi ukingoni, inahitaji kuviringwa zaidi: mviringo wa milimita 9 kwake umefika kikomo. Ushauri wa sarafu za Marekani uliandikwa kwa ajili ya fimbo za Marekani, na wauzaji wa mtandaoni huurudia bila kulitaja hilo.

Ugumu

Ncha hugawanywa kuwa laini, za wastani na ngumu, na baadhi ya kampuni huongeza madaraja ya katikati. Hakuna kipimo kimoja kinachofuatwa na wote. Ncha iitwayo ya wastani na kampuni moja inaweza kuwa ngumu kuliko ile iitwayo ngumu na nyingine. Hata ndani ya boksi moja la ncha za bei nafuu ugumu hutofautiana, kwa sababu ngozi ya mnyama haifanani mahali pote.

Imani iliyoenea ni kwamba ncha laini huupa mpira mzunguko mwingi zaidi. Hoja yake inavutia: ncha laini hubonyea, hukaa na mpira kwa muda mrefu kidogo, basi lazima iuzungushe zaidi. David Alciatore, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado nchini Marekani ambaye amerekodi mapigo mengi kwa kamera za kasi kubwa, ni miongoni mwa waliopinga hoja hiyo. Uwiano wa mzunguko na kasi huamuliwa na mahali ncha inapogusa, mradi haitelezi. Ncha laini na ncha ngumu zikigusa mahali palepale bila kuteleza, mpira huzunguka kwa kiasi kilekile kwa kila kiasi cha kasi.

Tofauti zipo, lakini ziko kwingine. Ncha ngumu hupoteza nguvu kidogo zaidi katika kubonyea, hivyo kwa mkono uleule mpira huenda kwa kasi zaidi kidogo. Mchezaji aliyezoea ncha moja akibadili ghafla hujikuta anapitiliza au kupungukiwa, na huenda akadhani ni mzunguko uliobadilika. Ncha laini hushika chaki kwa urahisi na hutoa mlio mdogo unaowapendeza wengi. Kwa upande mwingine, hubanwa, hupungua kimo na kutanuka pembeni kama uyoga, na hudai kurekebishwa mara nyingi. Ncha ngumu hudumu na hulinda umbo lake, ila uso wake hung'aa na kukataa chaki usipokwaruzwa.

Mtu asiye na sababu ya kuchagua vingine hufanya vizuri kuanza na ncha ya wastani na kuizoea. Mkono hujifunza kiasi cha nguvu kinachohitajika, na mazoea hayo yana thamani kuliko daraja lililoandikwa kwenye pakiti.

Hewa pia ina sehemu yake. Ngozi hufyonza unyevu, na katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga au Zanzibar ncha laini inaweza kuwa laini kupita inavyotakiwa. Huko wastani au ngumu kidogo ina mantiki.

Ngozi ya kipande kimoja na ngozi ya tabaka

Ncha za zamani na za bei nafuu hukatwa kutoka kipande kimoja cha ngozi kilichobanwa. Mfano maarufu ni Elk Master ya kampuni ya Tweeten ya Marekani, ambayo ni laini na yenye rangi ya buluu. Huuzwa kwa boksi la ncha 50, na mafundi huzichagua moja moja kwa kuzidondosha mezani na kusikiliza mlio, au kwa kuzipima uzito. Wengine huziloweka katika maziwa, huzikausha na kuzibana kwenye jiriwa hadi ziwe ngumu. Ni kazi ya uvumilivu, lakini hupata ncha inayokaribia zile za bei kubwa.

Ncha za tabaka hutengenezwa kwa kugandisha vipande vyembamba vya ngozi, mara nyingi saba hadi kumi hivi, kimoja juu ya kingine. Mjapani Hideo Moori ndiye aliyezipatia umaarufu, na kampuni ya Kamui, ya Japani pia, ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi leo. Faida yake kuu ni usawa: ncha mbili za aina moja hufanana kuliko vipande viwili vya ngozi nzima, na hazitanuki sana. Hasara yake ni bei, ambayo inaweza kuwa mara kumi au zaidi ya ncha ya kipande kimoja. Zisipogandishwa vizuri, tabaka huachana.

Jambo moja ambalo matangazo hayalisemi kwa sauti ni kwamba ncha nyingi za tabaka, zikiwemo za Moori na Kamui, hutengenezwa kwa ngozi ya nguruwe, ambayo ni nyembamba na yenye nyuzi imara. Mchezaji Mwislamu anayetaka kuiepuka anapaswa kuuliza kabla ya kununua, kwa kuwa maelezo kwenye pakiti mara nyingi husema "ngozi" tu. Ncha za kipande kimoja kwa kawaida ni za ng'ombe au nyati-maji, na zipo pia za tabaka zilizotengenezwa kwa ngozi ya ng'ombe.

Ncha za fimbo ya kufungulia

Wachezaji wa mashindano huwa na fimbo ya pili kwa ajili ya pigo la kwanza la kutawanya mipira. Humo hutafutwa kasi, si mzunguko, na ncha huwa ngumu sana, wakati mwingine ya plastiki ya fenoli badala ya ngozi. Ncha hizo hushika chaki kwa shida na zinaweza kuuumiza mpira mweupe. Baadhi ya mashindano huzikataza. Kanuni za vifaa za Chama cha Dunia cha Pool na Biliadi, WPA, zinasema upana wa ncha usizidi milimita 14, na ncha isiwe ya kitu kinachoweza kukwaruza mpira.

Kubandika

Ncha ya zamani huondolewa kwa wembe, kidogo kidogo, bila kuigusa feruli. Uso wa feruli husafishwa hadi uwe bapa na usiwe na gundi iliyobaki. Upande wa chini wa ncha mpya husuguliwa juu ya msasa uliolazwa mezani, ili nao uwe bapa na wenye mikwaruzo. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: watu huhangaikia gundi ilhali nyuso mbili hazijakutana. Tone moja la supaglu, hasa ile nzito isiyotiririka, linatosha. Ncha hubanwa kwa dakika kadhaa na kuachwa ikauke kabisa kabla ya kuguswa tena.

Kisha fimbo husimamishwa kichwa chini juu ya ubao, na ngozi inayozidi pembeni hukatwa kwa wembe kuelekea ubaoni. Ukuta wa ncha husuguliwa kwa msasa laini, hulowanishwa kidogo na kupigwa kwa kipande cha ngozi au karatasi ngumu hadi uwe mgumu na uanze kung'aa. Pembeni kung'aa ni vizuri, juu si vizuri. Mwisho kichwa huviringwa.

Kipande cha soli ya kiatu au cha tairi hakifai kuwa mbadala. Mpira wa tairi hurukaruka na hushika vibaya, na ngozi ya kiatu haijabanwa, hivyo husambaratika baada ya michezo michache.

Ncha hubadilishwa ukuta wake unapobaki na kimo cha milimita moja na nusu hivi. Ikiachwa zaidi ya hapo, pigo moja kali linaweza kuipasua feruli, ambayo gharama yake ni kubwa kuliko ya ncha nyingi.

Fimbo za ukumbini

Wachezaji walio wengi hawana fimbo yao. Huchukua iliyopo ukutani. Desturi ni kuiviringisha fimbo mezani kuona kama imenyooka, nayo ni desturi nzuri, lakini ncha haiangaliwi sana. Fimbo iliyopinda kidogo bado inaweza kuchezewa, ila yenye ncha bapa, inayong'aa au iliyolegea hairuhusu zaidi ya kugonga katikati.

Ukaguzi ni mfupi. Ncha hutazamwa kwa upande kuona kama imeviringwa na kama ngozi imetanuka nje ya feruli. Husukumwa kwa kidole gumba. Ikisogea, gundi imeachia. Kisha hupakwa chaki: ikibaki na madoa yasiyoshika, uso umeganda, na mwenye ukumbi akiwa na msasa mkwaruzo mwepesi utatosha kuirekebisha. Chaki hupakwa kwa kupitisha kipande chake juu ya ncha kama mtu anayepaka rangi, akiizungusha fimbo polepole. Kuisokota ncha ndani ya shimo la chaki huacha katikati pakiwa patupu na kuupaka ukingo wa feruli, kama inavyoonekana kwenye vipande vingi vya chaki vilivyotoboka ukumbini.